Kitenge cha Tatu

Rumonge, nyumbani kwa marehemu Anwari
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Swedi,

Asalaam aleykum, na shikamoo yangu naileta kwa magoti kama ulivyotuzoesha. Magoti yako wewe yanaendeleaje na mvua hizi? Niliambiwa umeacha kupanda ngazi ya msikiti, sasa unaadhini ukiwa chini kwa kipaza sauti. Kama ni kweli nafurahi, maana ngazi ile imenitia hofu miaka mingi. Mdogo wangu Ibrahim hajambo? Mke wake ameshajifungua? Nimesikia huko Nyanza-Lac michikichi imezaa mwaka huu hadi watu wanakosa madumu ya kutilia mawese. Mungu awabariki, mle mshibe.

Mimi, upande wa mwili, sijambo. Nakula, nasali, nalala kidogo. Leo ni siku ya themanini na nne ya eda.

Baba, kabla hujaendelea nakuomba jambo moja. Barua hii uisome wewe mwenyewe. Vaa miwani, rudisha mlango. Usimpe Ibrahim akusomee hata kama mwandiko wangu unakuchosha. Nimeandika kwa haraka, na karatasi zenyewe aliniletea Benedicte, mama anayetuuzia samaki, akiwa amezificha chini ya beseni lake. Ukisikia zinanuka mukeke, sababu ndiyo hiyo.

Ulikuja kwenye maziko, ukaiona nyumba, lakini siku ile ilikuwa imejaa watu. Sasa ni tupu. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama uani, kwenye mapipa ya mawese. Ziwa liko nyuma ya nyumba tatu tu. Upepo ukitoka upande wa Kongo nalisikia likipiga mchanga, lakini sijaliona tangu mume wangu Anwari aanguke kule Kigwena, katikati ya mikungu ya michikichi, wakamrudisha amelazwa kwenye pikapu. Hilo silalamikii, ni eda, na nilijua sheria yake. Ninalolalamikia ni lile lililoongezwa juu ya sheria. Wifi yangu, Bi Kaoutar, aliichukua simu yangu wiki ya kwanza akasema mfiwa hana maneno ya simu. Simu inakaa ndani ya mkoba wake. Ufunguo wa geti nao uko humo.

Wiki ya tatu walianza habari za shemeji Hamidou. Unamkumbuka, mdogo wake Anwari, yule aliyesimamia chakula siku ya maziko. Bi Kaoutar alikuja na uji, akaketi, akasema nyumba isiyo na mwanamume ni kama mtumbwi usio na kasia, na kwamba Hamidou ana mke mmoja tu. Nilimjibu kwamba kutamka posa ndani ya eda ni haramu, Baba yangu amenifundisha. Akasema hii si posa, ni kukumbushana tu. Akanikumbusha siku hiyo, na kesho yake, na kila siku aliyoniletea uji. Sisi hatukupata mtoto, kwa hiyo katika mashine ya kukamulia mawese na shamba la Kigwena nina robo yangu. Nikiolewa na Hamidou, robo inabaki pale ilipo. Hilo hakulitamka. Nilimwambia kwa adabu kwamba sitaki.

Basi siku moja baada ya alasiri waliingia wote wawili. Hamidou alisimama mlangoni akitazama ukuta. Bi Kaoutar akaketi kitandani kwangu, akatoa simu, akaiweka juu ya paja langu, akaniambia nitazame. Ilikuwa video, hadi leo sijui waliipata kwa nani. Palikuwa na jukwaa la mbao, na ngoma, na mwanamke aliyejifunga vitenge saba, kimoja juu ya kingine, akivivua kimoja kimoja huku watu wakipiga meza. Aliiacha ifike mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mgonjwa, kwamba nikikubali, video hii itafutwa na hakuna atakayejua. Nikikataa, Hamidou atapanda bisi hadi Nyanza-Lac, akuonyeshe wewe kwanza, kisha wenzako wa msikitini.

Kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla ya Hamidou. Mwanamke yule ni mimi.

Sikuwa mwalimu wa ushonaji kule Kabezi, Baba. Yaani nilikwenda kushona, hapo sikukudanganya. Bwana mmoja aitwaye Casimir alikuwa na hoteli kando ya ziwa, na kundi la wachezaji wa kuwachangamsha wageni wanaotoka Bujumbura siku za Jumapili. Nilishona sketi zao miezi saba. Benedicte huyu wa samaki alikuwa mpiga ngoma wao. Bi Kaoutar hajui hilo. Angejua, asingenunua kwake hata ndagala mmoja.

Siku moja mpishi wa hoteli alimwoza binti yake. Wanawake tulikuwa ndani peke yetu, na bibi harusi alikuwa ametunzwa vitenge saba. Unanijua tangu utoto, Mama alikuwa akinikanya nisiige watu. Nilivichukua vile vitenge, nikajifunga vyote, nikaanza kucheza. Kila nikivua kimoja nikawa mtu mwingine. Nikawa mama mkwe anayefunua vyungu vya watu. Nikawa mtu wa forodha anayenusa mizigo. Benedicte alicheka hadi akaangusha ngoma. Casimir alikuwa upande wa pili wa ukuta, na kesho yake aliniita akaniambia niache sindano, nikafanye yale yale jukwaani.

Nilikataa siku tatu. Ya nne nilipanda. Nitakuambia ukweli, kwa sababu nikiacha hili nitakuwa nimeandika nusu ya barua: nilikuwa hodari. Jumapili baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wamepelekwa kuogelea, Benedicte alipiga ngoma na mimi nikatoka mnene kama gunia kwa vitenge vile. Nilifungua fundo, watu wakapiga kelele. Nililifunga tena, wakalalamika. Niliwaambia warudi makwao, mke wa mtu ana baridi. Kitenge kikianguka, pale paliposimama mtu mmoja pakawa na mwingine, na kila mmoja alikuwa mtu wanayemjua. Walicheka hadi machozi, wanaume kwa wanawake. Mwisho nilibaki na vazi la kubana nililolishona mwenyewe, rangi ya ngozi yangu, limepambwa shanga. Mapaja yalikuwa wazi, Baba. Sifichi. Nilizunguka mara moja, nikainama, nikaondoka. Wakanipa jina la Madamu Saba, na Casimir akaliandika kwa rangi nyekundu getini.

Nilifanya kazi hiyo miaka tisa. Mitatu ya mwanzo nilikuwa nikiamka nikiimba.

Kisha hoteli ikawa na sifa, na Casimir akaanza kuogopa kwamba nitachukuliwa na wengine. Akaniomba karangamuntu yangu, kitambulisho changu pekee, eti kwa ajili ya usalama, akaifungia ofisini. Nawe unajua barabara ile, bila karangamuntu huvuki bariyeri ya polisi hata moja, kwenda Buja wala kurudi Rumonge. Akanihamishia chumba nyuma ya jiko. Akasema jina Madamu Saba ni la hoteli, nikilitumia kwingine atanishtaki tribinali. Baadaye akataka nikivua kitenge cha saba nisiwe na kitu ndani. Nilimwambia hilo hapana. Hakunipiga. Alisema tu nitakaa hapo hapo hadi nibadilishe mawazo. Idi zile mbili ambazo sikuja, nikakutumia ujumbe kwamba wanafunzi ni wengi, nilikuwa nimeketi kwenye ndoo nyuma ya jiko la Casimir, nikitazama magari yakielekea kwetu.

Aliyenitoa ni Anwari. Alikuwa akileta mawese hotelini. Jumapili moja alisimama mlango wa jikoni akaniona jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipopita kwenda chumbani akaniamkia kwa heshima, akauliza, “Dada, katika wale watu wote, wewe ni yupi?” Niliingia chumbani. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nilipomweleza habari ya karangamuntu alikwenda kwa Casimir akamwambia kwamba wafanyabiashara wa Rumonge wanajuana, na hakuna dumu la mawese wala samaki wa mvuvi wa Kiislamu atakayeingia jiko lile tena. Alitoka na karangamuntu yangu mkononi. Mwezi uliofuata ulimpokea kwako, ukanioza kwake, ukafurahi kupata mkwe mtulivu.

Alikuwa mtulivu kweli. Aliniwekea sharti moja tu: nyumbani kwao asijue mtu, na nisicheze tena, hata harusini. Nilikubali kwa furaha. Sikujua nimekubali nini. Miaka sita nimetembea polepole. Nimecheka nikiziba mdomo. Harusini nilikaa karibu na ukuta pamoja na wazee, miguu yangu nimeikunja chini ya kanga ili isinisaliti. Hakunitukana hata siku moja, hakuninyima kitu. Lakini Baba, wema wake ulikuwa na kufuli, na sikuweza kulalamika kwa mtu yeyote, kwa sababu ningelalamika nini?

Alipokuwa shambani Kigwena nilikuwa nikiingia stoo, kati ya mapipa, nikajifunga vitenge vyangu, nikacheza kwa miguu tu, bila sauti. Siku moja aligeuka njiani akarudi mapema. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka hadi getini, akakohoa kwa nguvu kama mtu anayefika sasa hivi, akanipa nafasi ya kujiweka sawa. Siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote, na siku hiyo hiyo nilijua kwamba nitafia humo ndani.

Sasa, Jumatatu ya wiki hii nilimwambia Bi Kaoutar ndiyo. Niliitamka. Nilisema eda ikiisha nitaolewa na Hamidou.

Usidhani niliogopa uone mapaja yangu. Hilo ningelibeba. Niliogopa kitu kingine kilichomo ndani ya video ile, ambacho wao hawajakiona kwa sababu wananitazama mimi tu. Hapa nivumilie.

Kitenge cha tatu kilikuwa wewe.

Unakumbuka siku tuliyorudi kutoka Ujiji. Nilikuwa na miaka ishirini, Mama tulikuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma. Ulikuja na cherehani yako kichwani kutoka pale gari la wakimbizi lilipotushusha, ukafika kwenye parseli ya babu, kiwanja chetu, ukakuta mtu amejenga na amepanda mihogo. Shefu wa kolini, mkuu wa kitongoji kile, alikuambia utue mzigo, uketi, mambo yatatazamwa. Ukakataa kuutua. Ulisema ukiuweka chini pale wataandika kwamba umekubali kukaa pale. Ukasimama tangu asubuhi hadi alasiri, cherehani kichwani, unajibizana kwa Kiswahili cha Ujiji na mtu anayekujibu kwa Kirundi, na kila ulipotaka kumgeukia mtu ukageuka mwili mzima kwa sababu shingo haikuweza. Ulikuwa ukisema, “Kwa hisani yako, mheshimiwa, nami nina pa kuutua.” Mimi nilisimama kando nimeshika meza yake, nikalia.

Yale niliyoyalilia niliyapeleka jukwaani. Nilijifunga kitenge cha kijani, nikaweka boksi kichwani, nikawa fundi aliyerudi ambaye hataki kutua mzigo. Mwendo wako. Sauti yako. “Kwa hisani yako, mheshimiwa.” Katika wote saba, yeye ndiye waliyemcheka zaidi. Wengine waliniita nirudie. Niliwachekesha kwa aibu yako kila Jumapili, miaka tisa, na Jumapili jioni nilikuwa nikikupigia simu kukujulia hali.

Sijamaliza. Mwaka ule ulipokwenda Buja kupasuliwa jicho, rafiki yako Mzee Maneno alikurudisha kwa gari lake. Ilikuwa Jumapili, njaa ikawashika, akasimama Kabezi mle samaki. Hukujua ni mahali gani, na yeye pia sidhani alijua. Nilichungulia nyuma ya pazia nikakuona: kofia yako nyeupe, bandeji kwenye jicho la kushoto, sahani ya mukeke mbele yako. Nilimwomba Casimir aniache siku hiyo, akakataa. Nilijiambia nitakiruka kitenge cha tatu. Lakini nilipokivua cha pili, Benedicte alikuwa ameshaanza mdundo wako, na watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Nikawa wewe, mbele yako, Baba. Mwanzo uliacha kula. Nilipogeuka mwili mzima nikasema lile neno, ulicheka. Sikuwa nimeyaona meno yako tangu Mama alipofariki. Ulicheka hadi ukaishika bandeji kwa mkono isianguke, na Mzee Maneno akakupiga mgongoni kwa furaha. Kisha nikashika fundo la kitenge cha kijani. Kabla hakijaanguka, wewe ulikuwa umesimama. Ulimgusa Mzee Maneno begani, mkatoka, na samaki hamkuwamaliza.

Kumbe kuna mtu alikuwa akichukua video siku hiyo hiyo. Simu yake inatoka kwangu, inapita mezani, inasimama kwako wakati unacheka. Bi Kaoutar alikuona mara mbili tu, harusini na mazikoni, katikati ya watu wengi, hakutambua. Lakini kwenu Nyanza-Lac kila mtu anakumbuka mwezi uliotembea na bandeji ile. Muadhini wao, mahali pa pombe, akimcheka mwanamke anayevua nguo, na mwanamke mwenyewe ni binti yake. Ndiyo sababu nilisema ndiyo.

Juzi Jumanne Benedicte alipokuja nilimnong'oneza hayo wakati anapara samaki uani. Hakuinua kichwa. Aliniambia, “Casimir alikufungia, ukanyamaza. Anwari akakufungia, ukashukuru. Kwa huyu wa tatu unajifungia mlango mwenyewe.” Sikulala. Na leo baada ya sala nilimwita Bi Kaoutar nikamwambia kwamba ndiyo yangu ya Jumatatu ilikuwa ya woga, naiondoa. Sitaolewa na Hamidou. Eda nitaimaliza hadi siku ya mwisho kwa sababu ni haki ya Anwari, kisha nitadai robo yangu mbele ya masheikh, na wakishindwa, tribinali. Aliufunga mkoba wake. Akasema basi Hamidou anaondoka Jumamosi. Nimesikia geti likifungwa kwa kufuli la pili.

Kesho Ijumaa Benedicte analeta samaki. Barua hii itatoka chini ya beseni, na yeye ataacha biashara apande bisi hadi kwako siku hiyo hiyo. Akigonga, mpokee. Ni rafiki yangu wa miaka kumi na sita.

Baba, Hamidou atakuonyesha simu, atalia pamoja nawe kwa aibu, kisha atasema dawa yake ni ndoa. Hawawezi kunioza bila walii, na walii wangu ni wewe. Sikuombi unitetee mbele ya watu. Sikuombi ukane, wala useme yule mwenye bandeji si wewe. Nakuomba usinioze. Hilo tu. Ukilisema neno hapana mara moja, mimi huku ndani nitayastahimili yote yaliyobaki.

Na kwa kitenge cha tatu nakuomba radhi. Kwa jukwaa sikuombi radhi, nisikudanganye. Nakuomba radhi kwa mzigo wako nilioupandisha pale bila ruhusa yako.

Kuna swali ambalo sikuwahi kuthubutu kukuuliza. Siku ile ulisimama kabla kitenge chako hakijaanguka. Je, ulikuwa umechoka tu na jicho linauma? Au ulinijua, ukacheka, kisha ukatoka ili usinione nikivua? Kama ulinijua, basi miaka yote tangu siku ile umeniombea dua za Idi, umenioza kwa Anwari, umenipokea kila nilipokuja, na wewe unajua. Nimekuwa nikikuficha mtu ambaye ulishamwona.

Mwambie Benedicte jibu kwa mdomo. Yeye hasahau.

Nisalimie Ibrahim na mke wake, na akijifungua salama mtoto apewe busu langu. Nisalimie Mzee Maneno. Mungu akuhifadhie magoti na sauti, akupe subira kwa ajili yangu. Natuma salamu hizi nikiwa mzima, nikiwa na wudhu, nikiwa sijamwambia mtu uongo tangu asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Sumaya binti Swedi